Chagua ya Bule

Katungu aliamka na hasira, na waliomzoea wangesema hilo si jipya. Pale soko la Ndosho, mjini Goma, anapouza nguo kuukuu, wateja humwita Mama Pilipili akiwa hayupo. Akiwepo wanamwita mama tu, kwa heshima zote. Lakini hasira ya Desemba ile, mwaka 2023, ilikuwa na sababu yake, na sababu yenyewe ilikuwa imerundikwa kwenye mifuko mlangoni pake. Zilikuwa zawadi za Noeli.

Mambo yalianza vizuri. Papa Florent, muuza saruji na rais wa shirika lao, yaani ile jumuiya ndogo ya Wakristo wa mtaa, alisimama baada ya sala akasema vita vimemaliza mifuko ya watu. Barabara ya Rutshuru imefungwa, mizinga inasikika upande wa Sake, unga haushikiki. Mwaka huu asinunue mtu kitu kipya. Kila nyumba itoe kitu kilichokwisha kutumika, au itengeneze kwa mikono, na vyote vipelekwe kwa watoto wa wakimbizi walio kambini Lac Vert. Watu walipiga makofi, na Katungu alipiga kuliko wote. Kisha wakamchagua yeye apokee na kupanga zawadi, kwa kuwa nguo zilizovaliwa ndizo kazi yake, na nani mwingine angezijua.

Kazi hiyo anaijua kweli. Balo la mitumba likifunguliwa, Katungu huikung'uta nguo, huiinua juani, huigeuza ndani aone mishono, kisha huinusa kwapani bila aibu. Nzuri kabisa huitwa premier choix. Inayofuata ni deuxième. Isiyofaa hata hiyo huenda kwenye lundo la tatu, la garaje, ambalo mafundi wa magari hununua kufutia mafuta. Basi asubuhi ile aliketi kwenye kigoda akafungua mifuko ya ndugu zake katika Kristo, na lundo la garaje likapanda mpaka likamfikia magotini.

Kulikuwa na viatu vya mguu wa kushoto vitupu. Kulikuwa na mwanasesere asiye na kichwa, gari la plastiki lisilo na gurudumu hata moja, na soksi ambazo kidole kingetokea upande wowote kinaotaka. Kulikuwa na sidiria. Sidiria, kwa watoto! Na tisheti za kampeni, kwa kuwa uchaguzi ulikuwa umefika: mgombea kifuani, meno yote nje, anamwahidi maendeleo mtoto anayelala chini ya hema. Mfuko wa Papa Florent mwenyewe ulikuwa na tisheti hizo tupu, hazijafuliwa.

"Ni watu gani hawa?" Katungu alijisemea kwa sauti, na jirani aliyekuwa anapita akaharakisha mwendo.

Msomaji asidhani mama huyu anatafuta ugomvi tu. Alizaliwa Vitshumbi, kando ya ziwa, binti wa mvuvi, na vita vya mwaka 1996 vilimkuta akiwa mtoto wa miaka tisa. Walikimbia na mama yake kwa miguu, wakaishia kwenye uwanja wa parokia moja upande wa Lubero, na Noeli iliwakuta pale. Watoto waliambiwa wanaletewa zawadi. Wakafundishwa wimbo wa shukrani wiki nzima, wakapangwa mstari, kila mmoja akinyoosha mikono miwili na kusema aksanti kabla hajaona anachopewa. Katungu alipewa glavu. Glavu moja, ya manyoya, ya nchi za barafu. Alipogeuka kuuliza ya pili iko wapi, mama mmoja wa kamati alimpiga kofi la kisogoni akamwambia aseme aksanti tena, kwa nguvu zaidi, kwa kuwa hana adabu. Akasema. Tangu siku ile neno hilo humkaa kooni.

Na mwaka huu kulikuwa na Umurerwa. Mama yake, Béata, alikuwa amekimbia kutoka Masisi, analala Lac Vert chini ya bâche, turubai la wakimbizi, na kila asubuhi anatembea mpaka Ndosho kumfulia Katungu nguo za kuuza. Siku moja, mikono ikiwa kwenye povu, Béata alimwambia kuwa binti yake amekataa kwenda misa ya Noeli.

"Anasema hawezi ingia mu kanisa na ile nguo ya kulalia, njo iko nayo tu. Batoto bote ya mutaa watakuwa wamevaa ya mupya, yeye wamuangalie. Miaka saba tu, mama, lakini anajua haya."

Katungu aliapa moyoni. Mtoto yule ataingia kanisani Noeli, ataingia kichwa juu, na hatapewa kitu jinsi yeye alivyopewa ile glavu. Siku hiyohiyo alichukua pazia la mahameli jekundu lililotoka kwenye balo, akatafuta lesi nyeupe ya foronya, akaanza kushona gauni kwa mkono, mezani pake sokoni, kila wateja walipopungua. Kola aliifumua na kuirudia mpaka ikakaa sawa. Vidole vilitobolewa na sindano vikawa kama chujio. Likatoka gauni, nakuambia, ambalo hata binti wa gavana angeligombania.

Sasa anatazama lundo la garaje, na kumbe Noeli watoto wote wa kambi wangepewa uchafu ule. Damu ilimchemka. Alikodi chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akapakia mifuko, akaisindikiza mpaka kwa Papa Florent. Akamkuta uani na wanakamati wengine, wanasikiliza wimbo. Ndiyo, wimbo. Walikuwa wanatunga wimbo ambao watoto wa kambi wataimba kushukuru, ili mtu apige picha.

Katungu hakubisha hodi. Alishika mfuko wa kwanza kwa pembe za chini akaumwaga miguuni pa rais.

"Papa Florent, hii ni yako. Ulisahau kwetu."

"Mama Katungu, njo tabia gani hii? Mbele ya batu?"

"Tabia ni hii ya kumupa mutoto uchafu wako juu ya Noeli. Hii tisheti iko inanuka. Wewe utamuvalisha mutoto wako?"

Papa Florent alitabasamu kwa wale wengine, tabasamu la mtu mzima anayemvumilia kichaa. "Tulisema vitu vya zamani, hatukusema mupya. Na ukweli tuseme, mama: mutu wa mu kambi hachaguake. Anapokea kile kiko."

Hapo ndipo alipoharibu. Katungu alishusha sauti, na wanaomjua wanaogopa sauti yake ya chini kuliko kelele zake.

"Sawa," alisema. "Basi sikia. Mifuko yote niliipokea na hii mikono yangu, najua kila mumoja ni wa nani. Jumapili, batu wakitoka misa, nitasimama pa mulango wa kanisa. Nitarudishia kila mutu yake, na jina nitaita. Mama fulani, sidiria yako. Papa fulani, kiatu yako ya kushoto. Ama mulete vitu vya kweli, wimbo mutupe, na batoto wachague benyewe sawa vile batu wanachaguaka ku soko. Wewe mwenyewe amua."

Mwanakamati mmoja mwanamke alianza kutazama chini, akakusanya mfuko wake taratibu, akaondoka nao. Papa Florent alisema mambo ya unyenyekevu, akasema mambo ya umoja wa shirika, na mwishowe akasema afanye anavyotaka, lakini picha ingepigwa.

"Piga," alisema Katungu. "Mimi sitacheka."

Siku zilizofuata watu walileta vitu wakivifunika kwa aibu, na vilikuwa vizuri. Bibi mmoja alifuma kofia za uzi kutokana na sweta zilizofumuliwa. Mafundi mbao walitengeneza chukudu ndogo za kuchezea kwa mabaki ya mikaratusi, gurudumu linazunguka kweli. Kulikuwa na mipira ya vitambaa iliyokazwa kwa kamba, na magauni yaliyowabana mabinti wa nyumba yakafuliwa na kupigwa pasi. Katungu aliongeza ya kwake kutoka kibandani, premier choix tupu, akinung'unika kwamba watu wanahitaji kutishwa ndipo wawe Wakristo.

Siku moja kabla ya Noeli alifika Lac Vert mapema. Alifunga kamba kati ya miti miwili, akatandika maturubai chini, akapanga vitu vyote kama kibanda cha sokoni. Gauni jekundu alilitundika katikati, mahali pa juu kuliko vyote. Kisha akapanda juu ya jiwe, akajaza pumzi, akapiga ile kelele ya kazi yake:

"Chagua! Chagua! Chagua!"

Hakuna aliyekuja. Kina mama walitoka kwenye mahema yao, wakasimama mbali, wakawashika watoto mikono wasisogee. Katungu akaita tena. Wengine wakageuka wakarudi ndani. Papa Florent, aliyekuja na kamera ya simu, alikohoa kwa furaha, akaondoka zake.

Katungu alimwita Béata. "Hawa batu wana nini? Wanakataa?"

Béata alijishika mdomo. "Mama, unasema chagua. Chagua ni ya kununua. Batu wanafikiri umeleta soko. Nani iko na franga hapa?"

Katungu alibaki ameduwaa juu ya jiwe. Miaka yote ameishi kwa neno hilo, na hakuwahi kufikiri kwamba Goma nzima mtu hawezi kulisikia bila kugusa mfuko. Nguo kuukuu Goma zinaitwa chagua, na anayechagua ni yule mwenye pesa, anayeinama na kupekua. Asiye na pesa haitwi. Hasira ilimpanda upya, safari hii hakuwa na wa kumwagia. Akapaza sauti mpaka ikakwaruza:

"Ya bule! Hii ni chagua ya bule, bila franga! Nani hana kitu, njo yeye naita! Mutoto achague mwenyewe!"

Ilichukua muda. Mzee mmoja alikuja kuuliza kama kweli. Kisha mtoto mmoja akachomoka, kisha wawili, kisha wote. Lakini ilikuwa raha kuwaona! Walipekua, walikunja pua, walivaa wakavua, waligombania chukudu, wakarudisha kofia kwa sababu rangi haiendani. Binti mmoja alinusa sweta kwapani, na Katungu karibu ambusu.

Umurerwa alifika na mama yake. Katungu alijifanya anakunja suruali. Kwa pembe ya jicho alimwona mtoto anasimama chini ya gauni jekundu, analivuta pindo, analigeuza ndani kutazama mishono, anasugua mahameli kwenye shavu. Kisha akaliachia. Akainama kwenye lundo, akachimba, akatoka na jezi ya mpira ya bluu, imepasuka kwapani, iliyomponyoka Katungu kwenye kupanga, namba tisa mgongoni, inamfika magotini.

"Umurerwa," alisema Katungu, "na ile gauni?"

"Oya," mtoto alitikisa kichwa, na kwa Kinyarwanda hilo ni hapana isiyo na mjadala. "Inawasha. Na ile ni rido."

"Rido?"

"Njo rido, pazia ya dirisha. Hii iko na numero."

Hasira ya Katungu iliwaka nyekundu kuliko mahameli yenyewe. "Nimejitoboa vidole wiki hizi zote, nafumua, narudilia, ju yako, na wewe mutoto mudogo unaniambia rido? Leta hiyo kitu. Shika gauni!" Akamnyang'anya jezi, akalitungua gauni, akamsukumia kifuani.

Béata aliona aibu mpaka jasho likamtoka. Alimsukuma binti yake shingoni. "Umurerwa! Sema aksanti kwa mama!"

Mtoto aliinamisha macho. Akanyoosha mikono miwili, viganja juu, akasema kwa sauti isiyo na mtu ndani yake, "Aksanti, mama."

Katungu aliitazama ile mikono. Hasira iliyompata pale ilizidi zote za Desemba ile, na haikuwa ya Papa Florent wala ya shirika. Alilivuta gauni kwa nguvu, mtoto akashtuka akarudi nyuma, naye akamrudishia jezi.

"Usiniambie aksanti. Umeshachagua, basi. Enda!"

Umurerwa alikimbia na jezi yake bila kugeuka. Béata alitaka kumwita arudi aombe msamaha, Katungu akamkatiza: "Muache, Béata. Muache kabisa."

Gauni lilirudi kwenye kamba. Watoto walilipapasa wakapita. Mama mmoja aliuliza kama ni pambo la altare. Jua liliposhuka kamba ilikuwa tupu isipokuwa hilo, zuri kama lilivyo, na Katungu alilikunja akarudi nalo Ndosho amevimba, akisonya njia nzima. Sitakudanganya kwamba alifurahi. Liliuma, na liliuma sana.

Asubuhi ya Noeli alisimama mlangoni mwa kanisa akiwapokea watu, Papa Florent kando yake na tai mpya. Kati ya watoto wa mtaa waliong'aa alikuja Umurerwa na namba tisa yake, kwapa limeshonwa kwa uzi mweupe, kidevu juu, anatazama watu kama amewaalika yeye.

Papa Florent alimwinamia Katungu sikioni. "Mama, ku soko si wanasema huyu ulimushonea gauni? Mbona amevaa vile?"

"Nilimupa," alisema Katungu, na hakupunguza sauti ingawa wimbo wa kuingilia ulikuwa umeanza. "Akaikataa. Umesikia, Papa Florent? Alikataa."