Jiwe la Meksiko la Mzee Deo lilipokutana na mecha namba sita

Wakuu, habari za humu ndani.

Mnaonisoma siku zote mnajua sina tabia ya kupamba. Kisa hiki kimenitokea mwenyewe, Bujumbura, na pale nilipokosea nitasema nilikosea. Someni taratibu.

Asubuhi moja niliamka Kigoma, nikakunja shuka, nikajikuta nimeshaweka nguo zote kwenye begi. Sikuwa na safari. Nilikuwa nimemaliza kibarua cha kupaka rangi nyumba ya mtu, na mimi kazi ikiisha miguu inaniwasha. Nikafika stendi, gari la kwanza kuondoka likawa la Manyovu. Manyovu ni mpakani. Nikasema basi, Burundi sijawahi kufika.

Saa nane mchana nilikuwa Bujumbura, sina mwenyeji, sijui nitalala wapi.

Nikaanza kutembea tu. Nikatokea Asiatique, mtaa wa maduka, na mbele ya duka moja la sonara nikasikia mabishano. Mimi mabishano yasiyonihusu ndiyo napenda kuliko chakula. Nikaingia.

Mzee mmoja alikuwa amesimama kaunta. Suti ya kijivu, tai, viatu vinang'aa. Mbele yake alikuwa ametandika leso, na juu ya leso kuna kijiwe cha kijani, ukubwa wa kiberiti, kimechongwa uso wa mtu. Macho ya mviringo, midomo imenuna kama mtoto aliyenyimwa. Juu ya paji la uso kuna tundu la kupitisha kamba.

"Muzee, mi natengenezaka zahabu," sonara alikuwa anasema. "Mambo ya Meksike mi sijui."

"Lakini unaona iko ya zamani."

"Hata we uko wa zamani, muzee. Na sikuandikii cheti."

Hapo ndipo nikatamka ile sentensi ambayo imeshaniingiza matatani mikoa mingi:

"Mzee, hebu nione. Mimi najua mawe."

Niweke wazi wakuu. Shule niliishia darasa la sita. Lakini Arusha niliwahi kukaa karibu mwaka mzima kwa mkata mawe, nasugua, natoboa, naosha, na nauliza maswali mpaka yule bwana akawa ananificha. Kwa hiyo sikudanganya. Nilitia chumvi tu.

Tukatoka, tukakaa kwenye ngazi za duka, akanieleza. Jina lake Deo. Alikuwa dereva wa mzungu mmoja aliyekaa Kiriri, kule mlimani, kwa miaka kumi na moja. Huyo patron wake kabla ya Burundi alifanya kazi Meksiko. Siku ya kuondoka alimpa Deo lile jiwe, akamwambia ni la watu wa kale wa huko, lilichongwa kabla mzungu hajakanyaga ile nchi.

Deo akanunua teksi yake, akalining'iniza jiwe kwenye kioo cha mbele. Miaka kumi na tisa. Binti yake Nadine alikulia kiti cha abiria, akilisukuma kwa kidole ili licheze, na baba yake akimfokea kila siku: "Acha vitu vya watu wa kale." Teksi ilipouzwa, jiwe likaingia kabatini.

Sasa Jumamosi ile wakwe walikuwa wanakuja kumposa Nadine. Wenzetu Burundi, shughuli hiyo ni maneno. Wazee wa pande mbili wanakaa wanaelekeana na kupimana kwa hotuba, na neno la mzee pale halirudi mdomoni. Deo alishatangaza kwamba mbele ya wote atampa binti yake kitu cha umri wa zaidi ya miaka elfu.

Halafu siku moja kabla hatujakutana akaambiwa mjomba wa bwana harusi anafundisha historia lycée, yaani sekondari.

"Kama iko ya uongo," akaniambia, "yule mwalimu atacheka mbele ya mutoto wangu. Mi nitaweka sura wapi?"

Nikalichukua jiwe. Na hapa ndipo nilipokosea. Nikatoa kisu changu kidogo, nikakwaruza mgongoni pake. Sikuomba ruhusa.

Ukatoka unga mweupe.

"Kijana. Umenikwaruzia jiwe?"

"Mzee, ingekuwa jade, lile jiwe gumu la kijani, kisu kisingeshika. Hili ni jiwe laini."

"Mi nimekuuliza kama umenikwaruzia jiwe."

Nikaomba radhi. Nikamwambia pia ukweli mwingine, kwamba ulaini peke yake hauhukumu. Nilishaingia Google palepale: watu wa kale wa kule walichonga hata mawe laini, mradi ni ya kijani. Kinachosema kweli ni tundu. Wao walitoboa kwa mwanzi, mchanga na maji, nusu huku, nusu kule, kwa hiyo tundu linakuwa pana milangoni na jembamba katikati. Linakuwa na kiuno.

Deo akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Twende kwa Swedi. Yeye anaangaliaka ndani ya tundu tangu azaliwe."

Swedi ni fundi magari wa Buyenzi, ndiye aliyetunza ile teksi mpaka ikauzwa. Tulimkuta ametoka kuswali alasiri, anavaa upya ovaroli lake juu ya shati safi.

"Shofa, umevaa tai," akamwambia Deo, maana dereva kule ni shofa. " Nani amekufa?"

"Natafuta ukweli."

"Ukweli auna haja ya tai. Leta."

Nikamweleza habari ya kiuno. Akavaa taa ya kichwani, akachungulia muda mrefu, akiligeuza jiwe kama anayetafuta ufa kwenye silinda.

"Kiuno mi sikioni. Iko sawa kutoka huku mpaka kule. Na kuna alama zinazunguka, zinazunguka."

Akaenda kuleta kopo la mecha, vile vyuma vya kutobolea. Akajaribu namba tano, ikacheza. Akachukua namba sita. Ikaingia polepole, ikatokea upande wa pili, imekaa kama kidole kwenye pete.

"Mecha ya sita," akasema.

"Wale wa kale awakuwa nayo?" Deo akauliza.

"Pengine walikuwa na umeme pia."

Swedi akaangalia nyuso zetu, akaona hakuna anayecheka. Deo alikuwa ameketi juu ya tairi, na suti yake yote ile.

"Patron alinidanganya. Miaka kumi na moja namupeleka mvua, jua. Mutoto wake alizaliwa ndani ya gari mi naendesha."

Nikamwambia labda na yeye aliuziwa hivyo hivyo. Kule Meksiko mafundi wa kuchongea wageni ni wengi, mzungu anarudi nyumbani anafurahi. Alimpa kile alichoamini.

"Sawa," akasema. "Na Jumamosi?"

Nilitamani ningepita lile duka bila kuingia.

Swedi ndiye alikuwa bado na jiwe mkononi. Hakuwa ameichomoa mecha. Akaliinua kwenye mwanga, akafumba jicho moja.

"Ngoja. Hapa juu mwanga unapita."

Akanipa nione. Kweli. Mecha ilibana chini na ubavuni, lakini upande wa juu, pale kamba inapolalia, kulikuwa na mwanya mdogo, laini kabisa, kama umelambwa.

"Hii iko kama bushi ya gari yenye imekufa," Swedi akasema. "Imekulwa upande moja tu. Mecha aifanyi hivi. Hii kitu ilining'inia ikacheza miaka mingi. Shofa, ile kamba ya kwanza ilikatika, si ndiyo?"

"Ndiyo. Tukienda Bugarama."

"Na nani alikuwekea waya ya breki ya baiskeli?"

Deo akamwangalia.

"We."

"Basi ni hiyo waya imekula. Na zile kona za Bugarama. Uzee jiwe iko nao. Ila ni ule wa gari yako."

Deo akalichukua. Akaweka ncha ya kidole kwenye ule mwanya. Kisha akapangusa unga wa kisu changu kwa leso, akanigeukia kama ndiyo kwanza ananiona na begi langu.

"We kijana unalala wapi?"

"Bado sijajua, mzee."

"Umekwaruza jiwe yangu, alafu unataka kulala njiani? Twende."

Nyumba yake iko Bwiza. Chumba nilichopewa kilikuwa kimejaa viti vya plastiki vya sherehe, vimepangwa mpaka karibu na dari, na godoro limetandikwa katikati. Kabla sijavua viatu Deo akaingia, tai bado shingoni. Akashusha viti sita, akavipanga mstari mmoja, akasimama mbele yake.

"Wakwe zangu," akaviambia viti. "Hili jiwe nilipewa kama la watu wa kale. Si la watu wa kale. Lilitobolewa kwa mashine, na Mwalimu hapo anaweza kuliangalia. Lakini hapa juu mutaona limelika. Hapo ni mi, nikitafuta pesa ya kumusomesha huyu mutoto."

Nadine alikuwa anapita nje na beseni la maharage. Akasimama mlangoni, akasikiliza mpaka mwisho.

"Papa," akasema, "useme pia mi ndiye nilikuwa nalisukuma."

Mzee alifungua mdomo, nadhani amfokee kwa mazoea. Akakaa kwenye kiti kimojawapo cha wakwe, akampa jiwe alishike.

Wakuu, nilichobeba pale ni hiki. Ukiletewa kitu ukihukumu, tazama tundu kabla ya kisu, na kabla ya vyote omba ruhusa. Na usiishie kuuliza kama ni orijino au feki. Tazama pale palipolika, uulize ni nani aliyepafanya palike.

Na nyie mna nini kabatini mlichoambiwa ni cha kale? Leteni picha, tundu lionekane vizuri. Kisu nimekiacha kwa Swedi.