Lugha Mbili Katika Banda la Mitunguu

Mkaza mwanangu Wambeti alizaliwa Runyenjes, upande wa Embu, na siku alipoletwa kwetu Kaaga mara ya kwanza hakusema mengi. Alikunywa chai nusu kikombe, akaisikiliza redio yangu iliyokuwa ikikoroma, kisha akaomba bisibisi. Alipomaliza, redio ilikuwa inasikika vizuri na chai imepoa. Mume wangu Misheck, ambaye wakati huo alikuwa bado hai, alicheka akasema, "Huyu hakuja kuolewa tu, amekuja kufanya kazi."

Ninayaandika hayo kwa makusudi, kwa sababu wapo watu Mitunguu waliodai kwamba Wambeti alipewa kazi ya chama kwa jina la familia. Jina letu haligawi kazi. Alipewa kwa sababu anaiweza.

Chama chenyewe ni cha wakulima wa ndizi. Misheck alikuwa mwenyekiti wake wa kwanza, na jina lake limechorwa juu ya mlango wa banda la Mitunguu tunapopeleka mazao. Ugomvi wa banda hilo ulikuwa mmoja tu, tangu mwanzo: madaraja. Mtu aliyetazama ndizi na kuamua hizi ni daraja la kwanza, zile la pili, alikuwa shemeji wa huyu, mjomba wa yule, na wa tatu alibatizwa naye siku moja. Hakuna aliyeshuka daraja akakubali kwamba tatizo ni ndizi zake.

Wambeti, ambaye alikuwa ameacha ajira Nairobi ili aanze kazi yake mwenyewe ya programu za kompyuta, alileta mashine. Ndizi hupita kwenye mkanda, kamera huzipiga picha kutoka juu, kompyuta hupima urefu, unono na makovu, kisha taa huwaka kuonyesha daraja. Alipoitambulisha alisema maneno machache sana: "Mashine haina shemeji." Watu walipiga makofi hadi njiwa wakaruka kutoka darini.

Makofi hayakudumu. Mashine ilikuwa sahihi lakini ilikuwa nzito. Kila kichana cha ndizi kilikaa chini ya kamera kama mgonjwa anayengoja daktari. Foleni ilifika barabarani. Mahad, msafirishaji kutoka Maua, kwenye miraa, ambaye lori lake hubeba ndizi zetu hadi Nairobi, alikuwa akizunguka banda akitazama jua.

"Mwalimu," aliniambia, "hizi ndizi zitaivia hapa hapa."

Naye Mzee Gikunda, ambaye hakuwahi kupenda chochote ambacho hakukianzisha yeye, alisimama katikati ya foleni akapaza sauti. "Jamani, vaeni vizuri! Mkaza mwana wa mwenyekiti ametuletea kamera ya harusi. Ndizi zinapigwa picha ya familia!"

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Mkutano mkuu wa chama ulikuwa unakaribia, na Gikunda alikuwa tayari ameomba jambo hilo lijadiliwe: mashine ibaki au iondolewe. Ikiondolewa, Wambeti angepoteza mteja wake wa kwanza, na hakuna chama kingine ambacho kingemwita baada ya kusikia kwamba hata nyumbani kwake ilimshinda. Na ingeondolewa kupitia mlango wenye jina la Misheck.

Jioni hiyo Wambeti alitandaza kompyuta yake juu ya meza yangu ya chakula. Nilimwambia anieleze kama anayemfundisha mtoto wa darasa la nne, maana nimefundisha miaka mingi na najua kwamba asiyeweza kueleza jambo bado hajalielewa.

"Mama," alisema, "kompyuta nayo ina lugha zake. Hii niliyotumia inaitwa Python. Ni rahisi kuandika, rahisi kubadilisha, lakini mashine inaisoma mstari kwa mstari huku ikifanya kazi. Inachelewa. Kuna nyingine inaitwa Rust. Hiyo ni kali. Ukikosea jambo dogo inakukatalia kabla hujaanza. Lakini ikikubali, kazi yote inatafsiriwa mapema kuwa lugha ya mashine yenyewe, na ikianza inakimbia."

"Basi andika yote kwa hiyo kali," nikasema. Mimi ni mtu wa kazi moja iliyonyooka.

"Na Winrose je?"

Winrose ni karani wa banda. Wanunuzi hubadilisha masharti kila mara: leo hoteli inataka ndizi fupi, kesho duka kubwa linataka ndefu zisizo na kovu. Masharti hayo yaliandikwa kwa Python, na Wambeti alikuwa amemfundisha Winrose kuyabadilisha mwenyewe, hapo hapo bandani. Yakiandikwa kwa Rust, kila badiliko lingemngoja Wambeti.

"Kwa hiyo ninaziunganisha," alisema. "Python isimamie, Rust ipime. Msimamizi na mwenye misuli."

Aliandika sehemu ya kupima upya kwa Rust, siku kadhaa, akigombana na kompyuta kwa Kiembu. Hatimaye ilikubali. Tulikwenda Mitunguu kuijaribu, tukaweka kichana kimoja chini ya kamera, tukangoja.

Ilichukua muda mrefu kuliko zamani.

"Ah," Winrose akasema polepole. "Labda imechoka na safari."

Nilimwona Wambeti akikunja mikono ya sweta, na nikajua kwamba amekasirika, ingawa nyumbani kwao hawapigi kelele. Aliketi juu ya kreti, akaweka vipimo vya muda ndani ya programu, sehemu kwa sehemu, ili aone muda unapotelea wapi. Mahad alikuwa amekaa karibu akinywa chai. Baada ya kitambo Wambeti alijipiga paji la uso na kuanza kucheka peke yake.

"Nini?" nikamwuliza.

"Rust haijachelewa, Mama. Inapima kwa kufumba na kufumbua. Kinachochelewa ni mpaka." Alinigeuzia kompyuta kana kwamba ningeona. "Picha moja ina nukta mamilioni. Nimemwambia Python achukue nukta moja, aivushe kwa Rust, angoje jibu, arudi achukue nukta ya pili. Kila kuvuka kuna kufunga na kufungua. Safari zimekula kazi."

Mahad aliweka kikombe chini. "Ngoja. Yaani wewe unapeleka kijiti kimoja cha miraa Nairobi, pickup inarudi Maua tupu, inachukua kijiti cha pili?"

"Hivyo hasa!"

"Wallahi ningekufuta kazi."

"Ningejifuta mwenyewe. Nafunga picha nzima kama bunda, inavuka mara moja, linarudi jibu moja."

"Mfano huo ubaki hapa kwenye kreti," nikawaambia wote wawili. "Sisi ni watu wa kanisa, miraa hatutafuni. Mkutanoni mtasema ndizi."

"Mwalimu," Mahad akasema kwa upole mwingi, "kuna mtu anayepeleka ndizi moja moja hapa?"

Nikaenda kumtazama Winrose.

Siku ya mkutano banda lilijaa. Mchungaji aliomba, kumbukumbu zikasomwa, kisha Mzee Gikunda akasimama akasema kwamba yeye hana ubaya na mtu, ila anataka ndizi zake zipimwe kabla hazijawa pombe. Alikuwa ameleta ndizi zake mwenyewe. Aliziweka kwenye mkanda, akakunja mikono.

Mkanda ulikwenda. Taa iliwaka, ikazima, ikawaka, ikazima. Vichana vilipita bila kusimama, na kabla Gikunda hajageuka vizuri mzigo wake wote ulikuwa upande wa pili, mwingi katika daraja la pili.

"Hapana," akasema. "Hiyo ni haraka mno. Haikutazama."

"Mzee, ilitazama kila nukta," Wambeti akasema.

"Na ukienda kwenu Embu, mnunuzi akibadilisha mambo, tufanyeje? Tuje kukuvuta?"

Wambeti alimtazama Winrose tu. Winrose alijipangusa mikono kwenye leso, akafungua kompyuta ya banda, akasema hoteli moja imeagiza ndizi fupi na inazilipia kama za daraja la kwanza. Akabadilisha mstari mmoja, akahifadhi. Hakuna aliyengoja. Ndizi za Gikunda zilirudishwa kwenye mkanda, na safari hii taa ya daraja la kwanza iliwaka karibu mfululizo.

Gikunda akakohoa. "Mimi," akasema, "tangu mwanzo nilisema hii mashine ina akili."

Banda zima lilipasuka kwa kicheko. Mikono ilipoinuliwa kupiga kura, wake ulikuwa wa mbele kabisa. Mashine ikabaki.

Mchungaji akamwomba Wambeti aeleze alivyoiponya. Nilimtazama kwa jicho la mwalimu. Naye alinitazama, akatabasamu, akaanza, "Nyote mnajua pickup za Maua..." Nikainua macho nikahesabu mabati. Nilipoyashusha, Mchungaji alikuwa akicheka na kutikisa kichwa kuliko wote, na wazee walikuwa wakielezana wao kwa wao, kwa Kimeru, kwa nini kijiti kimoja hakistahili safari.

Watu walikuwa wanaanza kutawanyika Gikunda alipomjia Wambeti akiwa na avokado kubwa mkononi.

"Na hii je, binti? Inaweza?"

"Bado, Mzee. Haijawahi kufundishwa avokado."

"Wewe iweke tu."

Wambeti aliiweka. Mkanda ukasogea, kamera ikatazama, taa ikawaka. Winrose aliinama asome kioo, akashindwa kuyamaliza maneno kwa kucheka.

"Inasema hii ni ndizi, daraja la tatu. Fupi mno na ina unono kupita kiasi."

"Imenitukana!" Gikunda akapaza sauti, akinyakua avokado yake. "Wambeti, mwanangu, hiyo Rust yako haina adabu. Lini utaanza kuifundisha?"

"Jumatatu," Wambeti akasema. "Uniletee kreti nzima, si moja moja."