Kioo Changu Hakibandikwi Solotepu

Mie sikumwomba mtu ruhusa kuolewa na mwanamume aliyependa gari lisilo na paa la bati, na sitaomba ruhusa kuendelea kulipenda baada yake. Nasema mapema tusipotezeane muda.

Gari lenyewe ni la zamani, jekundu, viti vinne, paa la turubai linalokunjwa nyuma. Kioo chake cha nyuma ni plastiki laini, inayofungwa kwenye turubai kwa zipu. Ukiichezea inafifia, inakuwa njano, halafu inapasuka. Mume wangu aliibadilisha mwenyewe mwaka mmoja kabla hajafa. Aliishonea zipu kwa mkono barazani kwetu Mabibo, kwa sindano ya viatu na uzi wa nailoni, akitukana kwa Kinyakyusa kila alipojichoma. Upande wa kushoto mshono ulipinda. Nilimcheka siku nzima.

Tulipomaliza arobaini, shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, akanikalisha kitako. Mjane wa makamo, tena mwalimu, na gari la wazi havipatani, watu watasema. Na mnunuzi anaye. Nikamwambia waache waseme, midomo ni yao. Tukavutana mpaka akatoa lake la mwisho mbele ya wazee: "Sawa, shemeji. Ila siku hiyo plastiki ikipasuka, gari linauzwa. Gari linalovuja si mali, ni karai." Wazee wakaitikia. Na mie, kwa hasira tu, nikasema haya.

Basi nikaanza kukilea kile kioo kama mgonjwa wa sukari. Kwanza maji mengi, ya kumwagia tu, vumbi lishuke lenyewe, maana vumbi la mtaani kwetu ni mchanga. Ukilifuta kavu, umeshakwaruza. Kisha povu la sabuni na kanga kuukuu ya pamba. Gari likiegeshwa, nyuma nafunika shuka jeupe lisipigwe na jua. Kwa waosha magari sipeleki hata kwa bure. Wana kachupa kao ka mafuta ya taa ka kung'arishia kila kitu, na mafuta ya taa yanakula plastiki. Na paa silishushi kabla sijafungua zipu na kukilaza kioo juu ya kanga, kimenyooka, bila kunjo hata moja.

Majirani walikuwa wakinitania. Mmoja aliniambiaga, "Mwalimu, hilo gari lingekuwa mtoto, lingeshamaliza chuo." Nacheka naye, naendelea kufuta. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Miaka mitatu ikapita hivyo.

Halafu binti wa shemeji akapata mchumba. Kamati ya harusi ikakaa kwao Ukonga, na bibi harusi akasema hapandi gari lingine ila la mama mdogo, tena likiwa wazi. Shemeji akaja mwenyewe kwangu. Akazunguka weee, akauliza habari za shule, za mvua, za mgongo wangu. Mie namwangalia tu. Alipolitoa la moyoni, ulimi uliniwasha nimwambie karai halibebi maharusi. Nikaumeza, kwa ajili ya mtoto. Nikatoa masharti matatu: naendesha mwenyewe, paa nashusha mwenyewe, na kioo hakibandikwi kitu.

Asubuhi ya harusi gari lilikuwa uani kwa shemeji, paa bado liko juu. Niliingia ndani kunywa chai. Kutoka, namkuta mpambaji ameshakata kipande cha solotepu, anataka kubandika utepe na maua katikati ya kioo. Solotepu ikikaa juani kutwa, jioni ukiibandua inaondoka na ngozi ya plastiki. Na shemeji amesimama palepale anatazama.

"Shusha mkono," nikamwambia mpambaji.

"Mama, harusi gani hiyo gari halina pambo nyuma?"

Shemeji akadakia, "Acha hizo, shemeji. Ni siku moja tu."

"Siku moja ndiyo inayopasua. Na sharti la kuuza kikipasuka uliliweka wewe."

Akamwashiria mpambaji aende mbele. Maua yakafungwa kwenye boneti kwa utepe. Kamati nzima ikaninunia, na waninunie.

Kutoka kanisani tulikwenda wazi, maharusi viti vya nyuma, matarumbeta mbele yetu kwenye pikapu, shemeji nyuma yetu na gari lake. Tulipofika Buguruni yakaanza kudondoka matone makubwa ya mvua. Nikasimama pembeni, msafara wote ukasimama. Shemeji akashuka mbio na suti yake mpya, akalidaka paa. "Pandisha tu! Mtoto analoa!"

Angelivuta vile, kioo kingejikunja chini yake na kukatika. Nikamkamata mkono. Niliogopa, sitaficha: shela ya mtoto ilikuwa imeshaanza kulowa, na watu wote wananitazama mie. Lakini nililijua gari langu. "Shika hiyo kanga na kioo chake," nikamwambia. "Usivute mpaka niseme."

Akashika. Nikapandisha paa, nikafunga ndoano za mbele, kisha tukakinyanyua kioo pamoja na nikaanza kuvuta zipu, pole pole. Yeye alishikilia kushoto, penye mshono uliopinda, maji yanamtiririka puani. Mvua yenyewe ilipomwagika, maharusi walikuwa wamefunikwa. Sie wawili tuliloa chapachapa. Wapiga matarumbeta hawakuacha kupiga hata kidogo.

Ukumbini alinifuata pale nilipokuwa nakamua mtandio wangu.

"Nimemwona mwanangu njia nzima," akasema. "Mvua yote ile, na nilikiona kichwa chake kila alipocheka. Kioo cheupe kabisa."

Nikakung'uta mtandio. "Na mnunuzi wako?"

Akaviangalia viatu vyake vilivyojaa maji. "Mdogo wangu alishona vibaya upande wa kushoto."

"Vibaya sana," nikamwambia. "Na gari halivuji."