Baba kwa Kihispania

Raya, binti wa fundi cherehani wa Kamunyonge, Musoma, alikwenda Hispania kusomea udaktari wa mifugo. Lugha alianza kujifunza huko huko. Wenzake wa bweni walimcheka kila alipopokea simu ya nyumbani, maana kwa Kihispania “baba” ni udenda, ule unaomtoka mtoto mdomoni. Basi akaona aibu, akaanza kumwita mzee “papá” kama wao.

“Papa?” mzee alishangaa. “Huku ziwani tunakulaga sangara, mwanangu. Papa umemtoa wapi?”

Mwezi wa Ramadhani kaka yake, Nassibu, alimpigia akiwa darasani. Mzee amefariki alfajiri, wanazika alasiri.

“Baba!” Raya alilia kwa sauti. “Baba yangu!”

Wenzake wale wale walikuwepo. Hakuna aliyecheka.