Mwanafikra na Bata Mzinga

Kwa miaka mingi nimewaambia wageni wangu kwamba ile nyumba ya makumbusho kule Mbulumbulu naijua nje ndani. Ulikuwa uongo. Mimi ni dereva wa watalii hapa Karatu. Kazi yangu ni faru, viboko na simba, na mgeni akishawaona hao anarudi kwao ameridhika. Nani angeiacha Kreta ya Ngorongoro aende kutazama miwani ya marehemu mwandishi wa mambo ya siasa, hata kama vitabu vyake vinasomwa vyuoni huko duniani na mwenyewe ni mtoto wa huku huku kwetu?

Basi akaja mama mmoja, profesa mstaafu, nywele nyeupe, daftari halimtoki mkononi. Alikuja na mumewe, mzee mrefu asiyesema kitu. Siku ya kwanza tuliteremka Kreta, na faru akapita karibu kabisa na gari. Mama alimtazama kwa adabu tu, kama unavyomtazama mtoto wa jirani anayekuimbia wimbo wa shule, kisha akaniuliza kwa Kiingereza, "Na kesho tunakwenda alikozaliwa?" Kumbe alikuwa amefundisha vitabu vya yule bwana nusu ya maisha yake.

"Bila shaka," nikasema. "Napajua sana."

Asubuhi yake nilijificha nyuma ya gari pale lojini nikampigia simu shangazi yangu anayelima maharage Mbulumbulu, anielekeze njia.

"Nyumba ya yule? Huwezi kuiona peke yako," akasema. "Kibao kiliangushwa na trekta. Nisubirini pale kwa fundi baiskeli, navaa viatu."

Sikuwa nimemwalika. Tulipofika tukamkuta barabarani na sweta lake la kijani, kitenge kipya na viatu vya kanisani. Akapanda kiti cha mbele, akageuka nyuma, akawashika wageni mikono mmoja mmoja kama askofu. Shangazi amepita themanini, lakini akiita kuku wake, wa majirani nao wanakuja.

Mhifadhi wa makumbusho alikuwa mtu wa makamo, juu amevaa koti na tai, chini buti za mvua kwa sababu ya tope. Nadhani hakutegemea mtu siku hiyo, maana tai aliifunga akiwa anatembea kuja kwetu. Akamwamkia shangazi, akafungua mlango, akasimama katikati ya chumba cha kwanza na kukohoa.

"Katika chumba hiki," akasema, akionyesha kibao kilichochongwa vizuri ukutani, "ndimo alimozaliwa mwanafikra wetu."

"Hakuzaliwa humu," akasema shangazi.

Mhifadhi akatabasamu. "Bibi, imeandikwa."

"Aliyeandika alikuwepo?"

"Sasa bibi, wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwa mlangoni nimeshika maji ya moto. Mama yangu ndiye aliyempokea. Mama yake huyu alikwenda kwa mkwe wake kuomba kaa la moto, uchungu ukamshika huko huko. Alikwenda kuomba moto akarudi na mtoto. Alizaliwa jikoni, pale ng'ambo."

Profesa akanigusa bega. Anasema nini? Hapo ndipo nilipofanya kosa. Ningeweza kutafsiri tu. Lakini nilimwonea huruma mhifadhi na tai yake, na nilitaka wageni waone nimewaleta mahali pa maana. Nikasema kwa Kiingereza kwamba kuna mjadala mpana wa kihistoria kuhusu mahali hasa alipozaliwa.

Profesa akaandika. Shangazi akaona anaandikwa. Basi, ikawa kama umefungulia bomba.

"Mwambie alikuwa analia huyo! Alilia mpaka kuku wakaacha kutaga."

Nikatafsiri kwamba tangu utotoni alikuwa na sauti iliyoathiri uzalishaji kijijini.

"Mwambie siku moja tulipewa viazi vitamu sita, sisi watoto sita. Yeye akasema atagawa. Akagawa sawa sawa, kila mtu kimoja. Halafu akazunguka kwa kila mmoja akimega kipande, eti ujira wa kugawa. Mwisho wa yote yeye ndiye aliyeshiba."

Kisa hiki nilikitafsiri kama kilivyo, kwa sababu sikuona pa kukipamba. Profesa akakaribia kuangusha kalamu. Akasema hiyo ni sura ya nne! Sura nzima ya nne, kuhusu kodi na watumishi wa serikali! Akajaza kurasa mbili amesimama. Hata mhifadhi akatoa kikaratasi mfukoni akaanza kuandika, akijifanya anahesabu vitu vya chumba cha pili: taipureta, suti ya kijivu, kitanda cha kamba, miwani yenye kioo kimoja.

"Na mwambie," shangazi akaendelea, sasa ameketi kwenye dirisha, "kwamba alimwogopa bata mzinga wa misheni. Akimwona tu, anapanda mti. Siku moja alikaa juu ya mti tangu asubuhi mpaka watu wanatoka shamba, na bata chini anamsubiri."

Mtu aliyewapinga wakubwa maisha yake yote, anamkimbia bata! Nikavuta pumzi, nikasema kwamba akiwa bado mdogo alipata uzoefu mchungu wa utawala wa mabavu, akalazimika kuishi uhamishoni.

"Samahani, dereva."

Nilitazama nyuma yangu kutafuta nani kasema. Alikuwa yule mzee mrefu, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko changu.

"Bibi amesema bata mzinga," akasema. "Uhamishoni sijasikia. Nimesikia juu ya mti."

Alinieleza kwa upole kwamba ujanani alifundisha hesabu katika sekondari moja huku nchini. Mimi akili yangu ilikuwa imeshakimbia, inarudia kila nilichozungumza kwenye simu siku mbili zile nikiendesha gari. Nilikumbuka kimoja hasa: nilimwambia rafiki yangu kwamba safari hii nimebeba twiga aliyefunga mkanda.

"Na mimi ndiye yule twiga," akaongeza mzee.

"Mzee, nisamehe. Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unanifurahisha. Kwetu hakuna anayeniita twiga."

Akamgeukia mkewe akamweleza yote, kaa la moto, kuku na bata. Nilingoja malalamiko. Badala yake mama alicheka mpaka akakosa nguvu, akakaa kwenye kitanda cha mwanafikra, ambacho kilizungushiwa kamba ili mtu asikikalie. Mhifadhi akapiga kelele.

"Mwache akae," akasema shangazi. "Kitanda chenyewe ni cha mjomba wake. Huyo alikuwa analala chini kwenye ngozi kama sisi."

Profesa akataka kuliona jiko. Tukaenda wote watano, tukivuka shamba la maharage, viatu vya kanisani vikigeuka vyekundu kwa tope. Jiko lile sasa ni banda la kuku. Shangazi aliinama akaingia, akaweka kiganja chini, akasema mama yake alipiga magoti hapo. Sauti yake ilishuka. Hata mimi nilivua kofia.

Mhifadhi hakuwa tayari kuhamishia kibao chake kwenye banda la kuku. Walibishana njia nzima ya kurudi. Mwishowe alitoa kalamu nene akakata neno moja, akaongeza mawili, na mpaka leo kibao kinasema kwamba mwanafikra alizaliwa karibu na chumba hiki. Shangazi alikisoma mara tatu akasema si kweli sana, lakini si uongo tena.

Tulipokuwa tunaondoka, mwenye lile banda la kuku alitufuata akampa profesa yai lililotagwa asubuhi hiyo. Akalipakata ndani ya kofia yake. Sijawahi kuendesha gari polepole vile, pikipiki zilinipita, trekta likanipita, na kila shimo mzee alisema kwa Kiswahili, "Taratibu, dereva, tumebeba historia."

Lojini mpishi alimuuliza mama alikaange yai lile au alichemshe. Akafikiri kwa muda mrefu, kama mtu aliyepewa swali la mtihani, halafu akasema alikaange.