Nilichoandika Kuhusu Kisanduku cha Nne

Nilipokabidhiwa visanduku vya ndege nilidhani nimepewa kazi ya kupumzisha kichwa. Jumamosi asubuhi unatembea kando ya kijito, unafungua mlango mdogo wa mbao, unahesabu mayai, unaandika daftarini, unafunga. Vyangu vilikuwa sita, vimesimama juu ya nguzo kwenye uwanja wa nyasi, dakika kumi kwa miguu kutoka ninapopanga Riverdale Park, huku Marekani. Ndani yake hutaga ndege wa buluu mwenye kifua cha rangi ya matofali, mzuri hadi unamwonea wivu. Mimi nimetoka Kongo mashariki, na wiki nzima ninageuza wazee vitandani katika nyumba ya kuwatunza. Niliona nimestahili saa moja ya kutazama mayai.

Raha hiyo ilidumu wiki tatu. Wiki ya nne nilifungua kisanduku cha nne nikamkuta jike wa buluu amelalia mayai yake, amekufa. Kichwa kilikuwa kimedonolewa hadi mfupa ukaonekana. Jicho moja halikuwepo, na damu ilikuwa imekauka kwenye manyoya ya shingo. Juu ya maiti, juu ya mgongo wake kabisa, mtu alikuwa ameanza kutandika nyasi kavu na vipande vya plastiki, anajenga kiota chake. Ninasema mtu kwa sababu ndivyo nilivyohisi. Nilipiga ukelele, na mwanamke aliyekuwa akikimbia kwenye njia ya baiskeli akaongeza mwendo.

Aliyenipa visanduku ni mwanamke ninayemwita Mwalimu. Ni Mmarekani mweusi, mwalimu mstaafu, aliyejifunza Kiswahili chuoni ujanani akakitunza kama sahani za wageni. Tulifahamiana kwa sababu nilimhudumia mama yake hadi siku ya mwisho. Kiswahili chake ni safi kuliko changu, hakina hata kikohozi. Changu cha Kivu kinamchekesha, nami sijawahi kumwambia kwamba chake hunifanya nijihisi nimeitwa ofisini.

Alikuja, akachungulia kisandukuni, wala hakushtuka.

"Ni shomoro, dada. Dume. Waliletwa hapa kutoka Ulaya zamani. Huingia, huua, kisha hujenga."

"Na sasa tunafanya nini, Mwalimu?"

"Tunamnasa. Kisha tunamuua."

Hapo ndipo nilipofundishwa kanuni za kikundi chao cha watazama ndege. Kila mwenye visanduku huua mwenyewe, hamtumi mwingine, na asiyeweza hurudisha visanduku bila kulaumiwa. Anayeuawa ni dume tu, mwenye kidevu cheusi. Ndege wa kahawia akinaswa anaachiliwa, hata ukiapa kwamba ni jike wa shomoro, kwa sababu ndege wa kahawia hufanana, na wengi wao ni wenyeji wanaolindwa na sheria. Tukiua mwenyeji mmoja, wasimamizi wa uwanja wanaweza kung'oa visanduku vyote. Mwalimu alivitengeneza kwa mikono yake, ishirini na vitatu, na tangu mama yake afariki ndivyo vilivyokuwa vikimtoa kitandani. Kanuni ya mwisho aliisema akiwa amenishika kiwiko.

"Kila kitu kinaandikwa. Tulichokiona, si tulichokitamani."

Nilipoondoka kwetu niliapa kwamba sitaua hata kuku. Lakini nina hasira za karibu, na yule jike mwenye jicho moja alikuwa bado machoni mwangu. Nikasema nitaweza.

Mtego ni kibati chenye springi. Ndege akiingia, kinaziba tundu nyuma yake. Dume mwenye kidevu cheusi alinaswa kesho yake. Nilimtoa kwa kukivalisha kisanduku mfuko, nikaingiza mkono, akaniuma kwenye ngozi kati ya vidole akaning'inia hapo. Nilimkunja shingo vibaya. Ilibidi nirudie mara mbili, huku akinitazama, na kinyesi chake kikanilowesha kiganja. Nilifurahi. Sitajifanya mtakatifu, nilifurahi hadi nikasikia njaa, nikaenda nyumbani nikala ugali wa jana na sambaza, dagaa wa kwetu, bila kunawa vizuri.

Mwezi uliofuata jozi nyingine ya buluu ilitaga kisanduku kilekile. Makinda matano. Jumamosi moja nilikuta yametupwa nje, uchi, ngozi nyekundu, yametobolewa vichwa. Moja lilikuwa bado linapanua mdomo likingoja kulishwa, na sisimizi walikuwa wameshaingia humo mdomoni. Nililikanyaga ili lisiteseke. Kisha nikatega mtego nikaketi kwenye nyasi, na moyo wangu ulikuwa mweusi kabisa.

Haikupita nusu saa kibati kikalia. Nilitia mkono nikatoa ndege wa kahawia. Aliniparua kwa kucha. Nikamwona ana mstari mweupe juu ya jicho, kama jike wa shomoro kwenye picha aliyonionyesha Mwalimu. Nilijua kanuni. Sikuisahau hata kidogo. Nikimdhania mke wa yule muuaji, nilisema kwa sauti, "Bibi yake ni wewe," nikamkunja shingo, na safari hii mkono ulikuwa umezoea. Ilikuwa mara moja tu.

Mwalimu alinikuta bado nimeketi. Alimchukua kutoka kiganjani mwangu, akavaa miwani.

"Tazama mdomo," alisema. Ulikuwa mwembamba, umepinda kama ndoana. Wa shomoro ni mnene, wa kuvunjia mbegu. "Huyu si shomoro. Huyu ni mwenyeji. Huingia popote kutafuta buibui." Kisha akapuliza manyoya ya tumbo, yakafunguka, na chini yake kulikuwa na ngozi tupu, nyekundu, yenye mishipa. "Manyoya hutoka hapa wakati analalia mayai. Ana kiota mahali fulani."

 Tulikaa tukisikiliza malori ya barabara kuu. Mwalimu alimfunga ndege kwenye leso akamtia mfukoni mwa koti, akanipa kalamu. 

"Andika, dada yangu. Kisanduku cha nne. Mtego mtupu. Hakuna aliyeingia."

Nilimtazama. Mwalimu huyu, wa tulichokiona si tulichokitamani.

"Tafadhali," alisema. "Wataving'oa vyote."

Hakujua alichokisema, na sikuwa nimewahi kumweleza. Kaka yangu aliuawa kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, mimi nikiwa kwenye lori lilelile. Wanamgambo wa pale walimshusha kwa sababu ya pua na urefu wake, wakimdhania wa kabila walilokuwa wakilisaka. Aliwaambia si yeye wanayemtafuta, akawaambia kwa lugha yetu na kwa lugha yao, akataja jina la baba na la babu. Mmoja alicheka. Wakamkata kwa panga, kwanza mkono alioinua, kisha shingo, na mara ya kwanza haikutosha. Mama alipokwenda kuuliza katika ofisi ya kizuizi kile, karani alifungua daftari kubwa, akapitisha kidole ukurasani, akamwambia siku hiyo hakuna mtu wa hivyo aliyepita pale. Akafunga daftari. Mama alisimama pale hadi wakafunga na ofisi.

"Hapana, Mwalimu," nilisema. "Aliingia. Ni mimi nilimuuwa. Nilimuuwa juu anafanana."

"Visanduku vyangu," alisema, na akaanza kulia, mama mzima mwenye nywele nyeupe, amesimama katikati ya uwanja.

"Najua. Pardon, Mwalimu. Pardon sana."

Niliandika kwa Kiingereza changu kibovu, herufi kubwa, polepole: kisanduku cha nne, ameingia ndege mwenyeji, jike, ana mayai mahali fulani. Kwenye safu ya sababu niliandika kwamba nimemuua kwa mikono yangu nikimdhania mwingine, tena baada ya kuambiwa nisiue wa kahawia. Nikaweka jina langu lote na sahihi.

Mwalimu alipeleka ukurasa kwa wasimamizi kama ulivyo. Angeweza kuuchana, na hakuuchana. Visanduku viling'olewa kabla ya mwezi kwisha, vyote ishirini na vitatu. Nilikwenda kusaidia kuchimbua nguzo, kwa kuwa sikuona haki wengine wachoke kwa ajili yangu. Mwalimu alikuwepo. Hakunisalimu, na hadi leo tukikutana dukani anageuza kigari chake. Simlaumu.

Kesho yake baada ya kuandika, Jumapili, nilimpigia Mama simu, bado yuko kulekule kwetu, nikamweleza habari nzima. Nilitegemea anicheke kwa kuhangaikia ndege. Hakucheka. Aliniuliza niliandika maneno gani hasa, nikamsomea picha ya ukurasa niliyokuwa nimeipiga, nikimgeuzia kwa Kiswahili. 

"Soma tena," alisema. "Pale penye uliweka jina yako."