Siku Meneja Alipokaa Kiti cha Bakari

Siku yangu ya kwanza kazini sikuona kompyuta. Niliona redio. Kilikuwa chumba kidogo nyuma ya mapokezi ya hoteli moja hapo Diani, nami nilikuwa nimetoka Msambweni alfajiri na viatu vya kuazima vilivyonibana. Kazi ilikuwa kuzungumza na mashua zilizopeleka wageni Funzi na Wasini, na kuandika kila neno na saa yake kwenye daftari. Msimamizi wa simu, mzee asiyecheka, alinipa kipaza sauti. "Bonyeza, sema, achilia, sikiliza," akaniambia. "Mkibonyeza wawili pamoja, hakuna atakayesikika. Umefahamu?"

Nikasema nimefahamu. Ala! Nusu saa haikupita, nikamkatiza nahodha aliyekuwa akiomba gari la kumpeleka mgeni mgonjwa hospitali. Ikawa mkwaruzo mtupu, mie sikusikika na yeye sikumsikia.

"Bi Mwanaisha," mzee akaniuliza, "kwani kwenu mtu huamkia na kuitikia kwa pamoja?"

Niliona haya mpaka miguuni. Lakini somo lile lilinikaa.

Nikatolewa kwenye redio nikapelekwa ubao wa simu, na kutoka huko nikapewa chumba cha kompyuta kwa sababu hakuna aliyekitaka. Kiyoyozi chake kilikuwa kikali, nikikaa humo nimejitanda leso mbili. Nilisoma kozi ya jioni Ukunda, nikasoma na vile vitabu vilivyokuja ndani ya maboksi ya mashine, kila ukurasa mara tatu. Cheo changu kwenye karatasi kilibaki mhudumu wa simu. Msinionee huruma, kazi niliijua.

Haya. Miaka ile ya mwisho ya tisini wageni walipungua vibaya, na Meneja Mkuu aliyeletwa kutoka makao makuu huko bara akawa anatafuta wa kupunguza. Jicho lake likamwangukia Bakari wa bukingi, aliyeandika nafasi za wageni. Bakari alikuwa mtu wa Msambweni kama mie, baba wa watoto wanne, mtaratibu, na akipokea simu haanzi shughuli mpaka amemuuliza mtu hali yake na ya nyumbani kwake. Mawakala wa safari walimpenda kwa hilo. Lakini wiki zile walikuwa wakingoja kwenye simu mpaka wakachoka, wakakata, maana faili la bukingi lilikuwa halifunguki upesi. Faili lenyewe halikuwa kwenye mashine yake. Lilikaa kwenye seva, ile kompyuta moja inayotunza mafaili ya ofisi zote, na kila mtu akilivuta lake kwa waya.

"Watu wa pwani mnapenda polepole," Meneja Mkuu alisema mbele yetu sote, mkutano wa Jumatatu asubuhi. "Wenzake wanafungua mafaili yao bila shida. Shida ni yeye na salamu zake. Ijumaa namwandikia barua."

Bakari aliinamisha kichwa, akitazama mikono yake. Mie damu ilinichemka. Wallahi, sijapata kuchukia neno kama nilivyolichukia lile polepole.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Sisi watu wa pwani kitu cha chuma kikiharibika twalaumu chumvi kabla hata ya kukitazama. Baiskeli, chumvi. Redio, chumvi. Basi nikajua ni chumvi imekula ncha za waya. Jumatatu na Jumanne nzima nikakata ncha zote za nyumba ile, nikabana mpya, vidole vikatoka malengelenge. Nikamwambia Bakari afungue faili. Dakika nne na ushei, kama jana yake.

Meneja Mkuu akachungulia mlangoni. "Sasa wa polepole mko wawili," akasema, akaenda zake.

Jumatano akaja mtaalamu kutoka Nairobi, aliyekuwa na mkataba wa kutunza seva. Akapiga ping, ambayo ni mashine moja kuibishia nyingine hodi na kungoja kuitikiwa. "Cheki, madam, network iko poa," akaniambia. "Ping inarudi chap chap. Hapa shida ni mtu, si mashine."

Nikamwambia, "Hodi ni neno moja, bwana. Faili la Bakari ni hotuba. Hawa wengine wanafungua barua za ukurasa mmoja, watachelewa wapi?"

Akacheka, akaenda kunywa chai. Mie nikatoa daftari langu. Tangu enzi za redio sikuacha kuandika kila jambo na siku yake, ingawa kazi ya kompyuta haikunitaka hivyo. Nikarudi nyuma wiki tatu. Jumanne: stima imekatika na kurudi kwa kishindo, kadi ya mtandao ya seva imeungua, mtaalamu ameweka mpya. Jumatano yake: Bakari asema faili lachelewa. Mistari miwili imefuatana, mwandiko wangu mwenyewe, nami nimeshinda siku mbili nikipigana na chumvi! Nilijitukana peke yangu mle chumbani.

Nikaenda kwenye hab, kile kisanduku zinapokutana waya zote. Kina taa ndogo nyekundu inayomweka mashine mbili zinapogongana kusema. Nikampigia simu Bakari afungue faili lake. Taa ikawaka bila kupumua. Nikamwambia afungue barua fupi, ikamweka mara moja, ikazima. Papo hapo nikamsikia yule mzee wa redio masikioni. Hab ile ilikuwa haina tofauti na redio yake, mmoja asema, wengine wangoje. Nikaenda kwenye seva nikaitazama ile kadi mpya: ilikuwa imepangwa kusema na kusikiliza kwa wakati mmoja, mpango usiofanya kazi kwenye hab. Hodi ilipita. Hotuba ilikatizwa, ikaanzwa upya, ikakatizwa tena.

Ningeweza kuibadilisha kimya kimya, ni kazi ya dakika mbili. Nikakataa. Najua wangesema nini: Bakari ametishwa kidogo, ameamka usingizini. Nilitaka atakaswe mbele za watu, vilevile alivyochafuliwa.

Alhamisi asubuhi nikagonga ofisi ya Meneja Mkuu. "Bwana Meneja, nakuomba uje ukae kiti cha Bakari."

"Nina kazi, Mwanaisha."

"Na yeye ana watoto. Njoo ukae."

Akaja, nafikiri kwa hasira tu. Ofisi nzima ikasimama, na mtaalamu naye nikamwita. Meneja Mkuu akakaa, akafungua faili la bukingi, akangoja. Dakika ya kwanza akagonga meza kwa kidole. Dakika ya pili akalegeza tai. Ya tatu ikaingia.

"Bwana Meneja," nikamwambia, "mbona wachelewa? Wewe si mtu wa bara?"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Shingo yake iliiva.

Nikamgeukia mtaalamu, nikamwambia aende kwenye seva, aipange ile kadi iseme kwa zamu. Akafungua, akatazama. "Aisee," akasema, na kwa hili nampa heshima yake, "hii ni mimi niliiweka." Akabadilisha, akaiwasha seva upya. Meneja Mkuu akabonyeza tena, na kabla hajakunja mikono faili lilikuwa wazi mbele yake.

Akainuka, akatoka. Ijumaa barua haikuandikwa. Nilimfuata nikamwambia amtake Bakari radhi pale pale alipomtukania, akanijibu, "Mama, rudi kazini." Cheo cha mkuu wa kompyuta kilipotangazwa baadaye, aliletwa mtu mwingine, na ni mie niliyemfundisha kazi. Mpaka leo jambo hilo laniuma, na sijuti hata chembe.

Nilistaafu na leso zangu mbili. Mitambo yote niliyoijua imeshatupwa, nanyi vijana hab hamjaiona hata kwa macho. Si kitu. Mtu akilaumiwa kwa uzito wa mashine, pimeni mashine kwanza, tena mchana, kila mtu akiona.

Siku ya kuniaga, meneja mpya, mtu mzuri tu, alinisifu sana, kisha akasema nimewatumikia kwa ule mwendo wetu wa pwani, polepole. Watu wakacheka. Bakari, wakati huo mkuu wa bukingi na mvi zake, akasimama.

"Bwana Meneja, hujambo?"

"Sijambo, mzee."

"Na nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Alhamdulillahi. Basi neno lile liondoe."

Meneja akatabasamu, akidhani ni mzaha. Bakari hakuketi. Alisimama pale, mikono nyuma, akingoja zamu yake ya kuitikiwa, na chai ikatupoa vikombeni.

"Nimeliondoa," meneja akasema.

Bakari akaketi.